Mtoto Ametimiza 18: Deni la Matunzo Linalipwa kwa Nani?

Kijana wako amemaliza high school. Picha zimepigwa, pilau limeliwa, wageni wameondoka. Siku mbili baadaye anaingia jikoni, simu mkononi. "Mama, baba anasema zile pesa za nyuma atanipa mimi. Si nimeshakuwa mtu mzima?"

Mjibu kwa upole, lakini mjibu hapana. Deni ni lako wewe uliyemlea. Ulilipa kodi ya nyumba, ulinunua viatu, ulimpeleka kwa daktari wa meno. Kila mwezi ambao mwenzako hakutoa, ulibeba fungu lake juu ya lako. Malimbikizo, yaani matunzo ya nyuma yasiyolipwa, ni kurudishiwa fungu hilo. Mtoto akikua, matunzo mapya ndiyo yanayosimama. Ya nyuma yanabaki kudaiwa.

Hapa nazungumzia Marekani, na mifano mingi naitoa Texas, kwa kuwa ndugu zetu wamejaa Houston na Dallas. Kila jimbo lina sheria yake, kwa hiyo ukiwa Minnesota au Ohio, uliza ya kwako.

Anza na karatasi. Itafute amri ya mahakama, ile yenyewe yenye muhuri. Kama imepotea, karani wa mahakama iliyoitoa atakupa nakala. Angalia kwanza jina la anayepaswa kupokea. Mara nyingi ni mama au baba aliyekaa na mtoto. Kama mahakama ilimkabidhi bibi au shangazi, basi pesa ya miezi ile ni ya bibi au shangazi.

Kisha angalia mwisho wa amri. Usidhani ni 18 kila mahali. Texas matunzo yanakwenda mpaka 18 au mpaka mtoto amalize high school, lile litakalochelewa. New York yanafika 21. Wapo waliopoteza miezi kadhaa ya haki yao kwa kuhesabu vibaya tu.

Sasa omba taarifa ya malipo. Texas utaipata kwenye kitengo cha matunzo ya watoto cha ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Ukipiga simu, omba mkalimani wa Kiswahili tangu mwanzo. Usione haya, hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Hesabu za deni si mahali pa kubahatisha. Kaa na taarifa hiyo na daftari lako, pitia mwezi kwa mwezi. Kama kuna pesa alikupa mkononi na ukaipokea kama matunzo, iseme. Ukweli huo utakulinda siku mtakayosimama mbele ya jaji.

Usisahau riba. Texas inatoza 6% kwa mwaka. Deni la dola 10,000 linazaa dola 600 kila mwaka mdaiwa anapokaa kimya. California ni 10%.

Na hiyo ahadi ya kumlipa kijana moja kwa moja? Namjua dada mmoja, msusi, ambaye baba wa mtoto alimtumia kijana dola 3,000 kwa Zelle anunue gari. Kwenye maelezo akaandika kabisa kwamba ni child support. Alipokwenda kuomba zipunguzwe kwenye deni, akaambiwa ile ilikuwa zawadi kwa mwanawe. Ile Corolla inatembea mpaka leo, na deni liko palepale. Kwa hiyo ndugu yangu unayedaiwa, nawe sikia: pitisha malipo kwenye kituo cha malipo cha jimbo. Pesa iliyopita pembeni ni vigumu sana kuhesabiwa.

Kijana naye asijisumbue kufungua kesi. Katika majimbo mengi mtoto aliyekua hana haki ya kudai malimbikizo hayo kwa jina lake. Ukitaka kumgawia ukishapokea, mgawie. Hiyo ni hiari yako.

Sasa kuna mwenzako mwingine kwenye foleni, na huyu watu wengi humsahau: serikali. Kama uliwahi kupokea TANF, ule msaada wa fedha taslimu kwa familia, ulipojiandikisha uliikabidhi serikali haki ya kudai matunzo ya miezi hiyo. Jimbo likikusanya deni la miezi hiyo, linajirudishia gharama yake. Wengi waliofika kama wakimbizi kutoka Kongo walianza maisha na msaada huu, wakasaini rundo la fomu wiki ya kwanza, na leo hawakumbuki hata moja. Si kosa lao. Lakini unapoomba taarifa, uliza hivi: "Katika deni hili, langu ni kiasi gani na la jimbo ni kiasi gani?" Wakupe namba mbili, siyo moja. Food stamps hazimo humo, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba kwa sababu ulinunua unga kwa kadi ile basi matunzo yako yamekwenda.

Tofauti ya namba hizo mbili utaiona hasa siku mdaiwa atakapokuomba umsamehe. Fungu lako unaweza kulisamehe. La serikali si lako, huna la kusamehe. Na hata lako, usisaini kwenye meza ya mgahawa. Mwambie akuletee karatasi, nenda nayo nyumbani, mwonyeshe wakili au kituo cha msaada wa sheria. Jaji mwenyewe hana uwezo wa kuyafuta malimbikizo yaliyokwisha kupita. Sheria ya shirikisho ya 1986 iliufunga mlango huo. Mdaiwa anaweza kuomba kiasi kipunguzwe kuanzia tarehe uliyopewa taarifa ya ombi lake, si nyuma yake. Ndiyo maana anakuja kwako na maneno matamu.

Kukusanya ni kazi ya ofisi ya jimbo, na zana inazo. Mshahara hukatwa juu kwa juu, na Texas makato yanaweza kufika nusu ya kinachobaki baada ya kodi. Mtoto kufikisha 18 hakuyasimamishi kama deni lipo. Marejesho ya kodi ya mapato nayo huzuiwa, na tangu Oktoba 2007 yanazuiwa hata kama mtoto ameshakuwa mtu mzima.

Zana ninayoipenda mimi ni pasipoti. Deni likizidi dola 2,500, serikali inaweza kumnyima mdaiwa pasipoti mpya ya Marekani. Mtu aliyekuwa hapokei simu zako mwaka mzima, akitaka kwenda nyumbani Desemba, ghafla anapata namba yako. Kama bado hajawa raia, fomu ya N-400 ya kuomba uraia inauliza kuhusu kuwatunza watoto wake. Usimtishe nayo. Yeye mwenyewe ataisoma.

Tazama kalenda. Texas, ombi la kuthibitisha deni lote kama hukumu ya fedha linapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 10 tangu mtoto awe mtu mzima au wajibu wa matunzo uishe. Kumshitaki kwa kudharau amri, kosa linaloweza kumpeleka jela, muda wake kwa kawaida ni miaka 2 tu. California deni halichakai mpaka lilipwe. Umechelewa mwaka mmoja? Piga simu wiki hii.

Kifo kinabadilisha mambo. Mlezi aliyekuwa anadai akifariki, katika majimbo mengi deni linaingia kwenye mirathi yake, na msimamizi ndiye anayeendelea kulidai. Texas imechukua njia nyingine kwa pesa iliyokwama ofisini au hundi ambayo haijachukuliwa: inakwenda kwa watoto waliotajwa kwenye amri, wala wadai wa marehemu hawaigusi. Mtoto mkubwa hulipwa yeye mwenyewe. Hapo ndipo kijana anapopokea kwa jina lake. Atahitaji cheti cha kifo na amri ya jaji.

La mwisho ni dogo, ila limewaponza wengi. Ukihama, badilisha anwani kwenye ofisi ya matunzo, siyo posta peke yake. Pesa ikianza kuingia, usiiandike kama kipato kwenye fomu ya kodi. Matunzo ya mtoto hayatozwi kodi kwa anayepokea. Na kijana akirudi tena jikoni na ile simu, mpe ile taarifa ya malipo aisome mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, wakati wewe unaosha vyombo.