Usingoje Kupambazuke

Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka vilima vya Iveti, ni nyumba chache Machakos zisizo na mtoto anayekohoa. Vikohozi vingi hupona vyenyewe. Tunachokihofia ni nimonia, ugonjwa unaoua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka 5 duniani kila mwaka, na ambao huanza kama mafua ya kawaida tu.

Mzazi anaweza kuutambua bila kifaa chochote ila saa ya simu. Ngoja mtoto atulie, au awe amelala. Mpandishe fulana hadi kifuani, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, uhesabu kila pumzi kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa maana mtoto mchanga hupumua kwa vipindi, mara haraka, mara polepole. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2 ni hatari. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, hatari huanzia pumzi 50. Kuanzia mwaka hadi kabla ya miaka 5, pumzi 40. Ukiwa na shaka, mwite mhamasishaji wa afya wa kijiji chako ahesabu naye.

Ukiona anapumua haraka, mpeleke dispensari siku hiyohiyo. Lakini akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea hata haamki vizuri, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, huyo ni mgonjwa wa hospitali, hata kama ni saa nane za usiku. Anaweza kuhitaji oksijeni, na dispensari nyingi hazina.

Kwa wengi wetu hospitali hiyo ni ile ya ngazi ya 5 mjini Machakos, ambayo pia hupokea watoto wa kaunti jirani. Kwa mtu wa Mwala au Yatta hiyo ni safari, na mtoto anaweza kuzidiwa njiani. Kituo kilicho karibu kikiweza kumpa dozi ya kwanza ya antibiotiki kabla hamjaondoka, kipe nafasi hiyo, kisha mwende na barua ya rufaa. Njiani, mama amnyonyeshe kila anapoweza kunyonya. Mtoto mchanga avuliwe nguo, abaki na nepi na kofia, awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha wafungwe leso pamoja. Uso wake usifunikwe.

Tusimlaumu bibi anayesema tumpake mafuta kwanza tuone asubuhi. Alilea wengi kwa namna hiyo. Ila mapafu ya mtoto hayangoji asubuhi.

Kuna kinga pia. Chanjo ya nimokoka hutolewa bure mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Anyonye maziwa ya mama pekee miezi 6 ya mwanzo. Asilazwe karibu na mafiga, kwa sababu moshi wa kuni huumiza mapafu yake.

Na leo, kabla mtoto hajaugua, tafuta mwendesha boda boda anayekubali kuamshwa usiku. Andika namba yake nyuma ya kijitabu cha kliniki.