Kizunguzungu cha dawa za kifafa: andika saa kinapokuja

Wengi wanaoacha dawa za kifafa hawaachi kwa ukaidi. Mtu anameza kidonge asubuhi, anakwenda kazini, na kabla ya saa nne anayumba kama mlevi na kuona vitu viwiliviwili. Jioni anajiamulia: kesho nameza nusu. Hapo ndipo pa hatari, kwani dawa ikikatwa ghafla mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hali hiyo huua.

Usipunguze dozi, andika saa. Kidaftari chochote kinatosha: saa 1 nimekunywa chai na kumeza, saa 3 kichwa kinazunguka, saa 5 kimetulia. Kwa anayetumia kabamazepini ya kawaida, mpangilio wa namna hiyo huweza kuonyesha kwamba dawa inapanda haraka mno kwenye damu. Daktari anaweza kuigawa dozi ileile mara nyingi zaidi kwa siku, au kukupa vidonge vinavyotoa dawa polepole, ambavyo havisagwi wala kutafunwa. Foleni ya kliniki ikiwa ndefu, ukurasa huo utakusaidia kuliko kusema tu "sijisikii vizuri". Fenobabitali yenyewe huleta usingizi, ndiyo maana wengi huandikiwa wameze usiku.

Majuma ya mwanzo ndiyo magumu, na kila dozi inapoongezwa. Mara nyingi mwili huzoea. Kwa sasa amka taratibu, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, achana na pombe, na usiendeshe bodaboda wala kupanda ngazi. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa mpigo kufidia.

Kizunguzungu kikimrudia mtu aliyekwisha kuizoea dawa yake, ajiulize ameongeza dawa gani nyingine. Erithromaisini, au isoniazidi ya kifua kikuu, hupandisha kiwango cha kabamazepini mwilini. Kwa hiyo dukani taja kwanza dawa yako ya kifafa, hata kama unanunua ya kikohozi tu.

Vipele, vidonda mdomoni, homa isiyoeleweka au macho ya njano havisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo na pakiti ya dawa mkononi. Mwanamke anayetumia valproeti azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini asiiache mwenyewe.

Na vidonge vikikaribia kwisha, fuata vingine mapema.