SOMO LA KROSHE KWA WENYE KUANZA KABISA



Katika buleteni hii tumekwisha kusoma masomo ya hesabu, ya sarufi na ya usafi. Leo ninaleta somo la mikono. Wengi wananiuliza: "Mukubwa, kroshe inaanzia wapi?" Wengine wanafika kwenye saa ya kazi za mikono, wanashika sindano siku mbili, uzi unajifunga mafundo, kisha wanaacha na kusema: "Mimi sina mikono ya kroshe." Hiyo haina kweli. Hakuna mutu anazaliwa na mikono ya kroshe. Mikono hiyo inatoka katika kuhesabu na kufumua. Mwenye anajua kuhesabu mpaka kumi na tano, na haone haya kufumua kazi yake, huyo atajua.

Tena jambo hili si muchezo. Kati yetu kuko wenye wanalipa sehemu ya minervali yao kwa vikofia vya watoto wachanga na vitambaa vya meza. Mwenzako akikaa chini ya muti na uzi wake, usimucheke. Pengine anashona kiti chake cha darasani.

1. KROSHE NI NINI?

Neno hili ni la Kifaransa, maana yake ndoana ndogo. Sindano yake iko na kichwa chenye kupindika kama ndoana, na kazi yote ni kuvuta uzi kupitia tundu. Tundu hilo tutaliita jicho, kama vile wavuvi wanavyosema jicho la wavu.

Triko ni kitu kingine. Triko inataka sindano mbili, na macho mengi yanakaa juu ya sindano wakati mumoja. Jicho moja likianguka, linashuka mustari kwa mustari. Katika kroshe, jicho moja tu ndilo linabaki wazi. Likiponyoka unalirudisha juu ya sindano, na kazi inaendelea. Ni sababu hiyo kroshe inafaa mwenye kuanza.

Watu wa mbali nao waliishi kwa sindano hii. Katika njaa kubwa ya Ayalandi, 1845 mpaka 1852, viazi vilioza shambani kwa ugonjwa. Wanawake na wasichana wengi wa kule walifundishwa kushona dantela ya kroshe, wakaiuza, wakapata chakula.

2. VYOMBO

Tafuta sindano ya milimetre 4 ao 5. Tafuta uzi wa sufu wa unene wa katikati, wenye rangi ya kungaa: mweupe, manjano, buluu ya mbingu. Usianze na uzi mweusi, hautaona macho, zaidi usiku wakati kura imekatika na unatumia taa. Usianze tena na uzi mwembamba wa pamba wa vitambaa vya meza. Huo utakuja nyuma. Ongeza makasi, na sindano ya kawaida yenye tundu kubwa.

Kama hauna sindano ya kununua, chonga mwanzi mukavu, toa kichwa cha ndoana, kisha usugue mpaka iteleze. Kama inakwaruza shavu lako, itakwaruza uzi pia.

3. JICHO LA KWANZA NA MUNYORORO

Acha mukia wa uzi wa santimetre 15. Fanya duara kwa uzi. Pitisha ndani yake uzi wenye kutoka kwenye donge, si mukia, utoke kama jicho. Tia jicho hilo juu ya sindano na uvute polepole. Libane, lakini liweze kuteleza.

Mukono wa kuume unashika sindano kama biki. Mukono wa kushoto: uzi unapita juu ya kidole cha shahada, na kidole gumba pamoja na kidole cha katikati vinashika kazi karibu na sindano. Mwenye kutumia kushoto abadilishe tu mikono.

Sasa zungusha uzi juu ya sindano, toka nyuma kuja mbele. Uvute upite ndani ya jicho. Umepata kiungo kimoja cha munyororo. Fanya 20. Fumua. Fanya tena 20. Siku ya kwanza usitafute kitu kingine, mpaka viungo vyote viwe na ukubwa mumoja.

Namna ya kuhesabu: jicho lenye kukaa juu ya sindano hatulihesabu, na fundo la kuanzia hatulihesabu. Hapa ndipo wengi wanapotea.

4. JICHO LA KUBANA

Fanya munyororo wa viungo 16. Ingiza sindano katika kiungo cha pili toka kwenye sindano. Shika uzi, uvute: sasa kuko macho mawili juu ya sindano. Shika uzi tena, uvute kupitia yote mawili: limebaki moja. Hilo ni jicho la kubana la kwanza. Endelea mpaka mwisho wa munyororo. Utakuwa na macho 15.

Geuza kazi. Fanya kiungo 1 cha munyororo kwa kupanda juu, kisha ushone jicho la kubana katika kila jicho la chini, ukianza na lile la kwanza kabisa. Ingiza sindano chini ya nyuzi zote mbili za juu ya jicho, zile zenye kufanana na herufi V. Mwisho wa mustari, hesabu: 15. Mustari wa pili, 15. Mustari wa kumi, 15. Kazi yote iko pale.

5. JICHO REFU

Hili linapanda haraka. Kwa macho 15, fanya munyororo wa viungo 17. Zungusha uzi kwanza juu ya sindano, kisha ingiza katika kiungo cha nne. Vile vitatu vyenye tumeruka vinahesabiwa kama jicho la kwanza. Vuta uzi: macho matatu juu ya sindano. Vuta kupitia mawili: yamebaki mawili. Vuta tena kupitia mawili: limebaki moja. Ukigeuza, panda kwa viungo 3. Hivyo vitatu ni jicho la kwanza la mustari mupya. Kwa hiyo ruka jicho la kwanza la chini, na mwisho wa mustari ushone juu ya vile vitatu vya kupandia.

Ukifungua kitabu cha Kifaransa, ml ni kiungo cha munyororo, ms ni jicho la kubana, br ni jicho refu. Mwenye kupata kitabu cha Kiingereza aangalie vizuri: Waingereza na Waamerika wanatumia jina moja kwa macho yasiyo sawasawa.

Kwa kumaliza, kata uzi, acha santimetre 15, pitisha mukia ndani ya jicho la mwisho na ukaze. Kisha kwa sindano ya kawaida ficha mukia ndani ya kazi, kwenda na kurudi. Mukia wenye kukatwa karibu utaponyoka siku ya kufua.

6. MAGONJWA NA DAWA

Kazi inapunguka upande kama paa la nyumba: unasahau jicho la mwisho ao la kwanza. Hesabu kila mustari.

Kazi inapanuka: unashona mara mbili katika jicho moja. Hesabu.

Sindano haiingii: unavuta sana, ao unashonea karibu na kichwa cha sindano chenye ni chembamba. Jicho lipate kipimo chake juu ya muti wa sindano. Ukishindwa, badilisha, chukua sindano kubwa zaidi.

Umeona kosa mistari mitatu chini: fumua mistari mitatu. Uzi haukasirike.

7. KROSHE NA HESABU

Wenye kupenda jeometri, simameni hapa. Kwa kushona duara la macho ya kubana, tia 6 ndani ya jicho moja. Mzunguko wa pili, mbili katika kila jicho: 12. Wa tatu, moja, kisha mbili, hivyo mpaka mwisho: 18. Wa nne, moja, moja, mbili: 24. Kila mzunguko unaongeza 6, na duara linalala juu ya meza.

Ukiacha kuongeza, duara linajikunja kama bakuli, na hiyo ndiyo kofia. Kichwa cha mutoto aliyezaliwa sasa kiko na mzunguko wa karibu santimetre 35. Gawanya kwa 3,14: unapata 11. Basi duara likifika upana wa santimetre 10 ao 11, acha kuongeza, shuka wima. Mwenye kusema kwamba pi haisaidie kitu, aende kuuliza mutoto mwenye kofia.

Na ukiongeza kupita kipimo, ukingo unakunjamana kama jani la shu. Wafumaji wanaita hilo kosa. Lakini katika mwaka 1997, mwalimu wa hesabu Daina Taimina, mutu wa Latvia, alitumia kroshe ya namna hiyo huko chuo kikuu cha Cornell, Marekani, ili kuonyesha wanafunzi jeometri yenye kupita ile ya Euclide. Walishika kwa mikono kile walichokuwa wanawaza tu kichwani.

8. NENO KWA VIJANA WANAUME

Wengine wanasema: "Ni kazi ya wanawake." Nani alisema? Pale ziwani, mwenye kushona nyavu ni mwanaume, na wavu ni macho na uzi. Kwa Wakuba wa Kasai, wanaume ndio wanafuma kitambaa cha rafia, na wanawake wanakipamba kwa sindano. Mikono haijui jinsi. Inajua mazoezi.

Na kwa wote: kroshe haitupe ruhusa ya kushona wakati wa etude. Mimi mwenyewe nitakamata sindano. Tena usiuze kazi yako ya kwanza, uipe mama. Ukianza kuuza, hesabu bei ya uzi, kisha uhesabu saa zako. Mwenye kuuza kwa bei ya uzi peke yake amegawa nguvu zake bure.

MAZOEZI

a) Duara letu liko na macho mangapi katika mzunguko wa kumi? Na mizunguko yote kumi, jumla macho mangapi?
b) Kwa macho marefu 30, tunaanza na viungo vingapi?
c) Leta kipande cha macho 15 kwa mistari 15. Pande zote ziwe sawa.

Tutaonana siku ya tatu kisha masomo. Mwenye sindano mbili akopeshe mwenzake moja.

Mukubwa wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho