Barua ya Kuacha Kazi Isiyofutwa

Mfanyakazi anapokabidhi barua ya kuacha kazi yenye notisi ya siku 28, kisha mwajiri akamsihi abaki kwa ahadi ya nyongeza ya mshahara, yeye huamini kwamba barua ile imekufa siku aliyokubali kubaki. Imani hiyo ndiyo inayowaponza wengi viwandani Chang'ombe na Mbagala na katika maghala ya Tegeta, kwa sababu barua hubaki kwenye jalada bila neno lolote la kuifuta, na miezi michache baadaye, mtu mwingine akishafundishwa kazi ile kwa ujira mdogo zaidi, huibuliwa kuwa ushahidi kwamba mfanyakazi aliondoka kwa hiari yake.

Thamani ya karatasi hiyo kwa mwajiri mjanja ni kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, yaani Sura ya 366, humtaka anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, tena kwa kawaida amlipe kiinua mgongo, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi usiokatika, ilhali aliyeacha kazi mwenyewe hana dai la kiinua mgongo hicho. Kumbakiza mtu kwa maneno matamu huku barua yake ikihifadhiwa kwa siku ya kumtimua ni ulaghai, hata ukifanywa na ofisi yenye zulia na kiyoyozi.

Nyongeza yenyewe nayo ichunguzwe, kwani ikiitwa posho badala ya kuingizwa katika mshahara wa msingi, kiinua mgongo hakikui hata senti moja. Sheria inamtaka mwajiri, masharti ya ajira yanapobadilika, ayarekebishe kwa maandishi baada ya kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha. Na mwajiri akishindwa kutoa maandishi hayo kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye.

Hata hivyo, sheria hiyo haisemi barua ya kuacha kazi inafutwaje, na ukimya huo unampendelea mwenye ufunguo wa kabati la majalada. Kiinua mgongo chenyewe ni haba, maana hukomea miaka 10, hivyo aliyetumika miaka 20 hulipwa siku 70 zilezile. Bunge lina wajibu wa kuziba mianya yote miwili.

Kwa sasa, anayekubali kubaki aandike barua ya kuondoa ile ya kwanza, itaje mshahara mpya wa msingi, naye abaki na nakala iliyosainiwa na mwajiri pamoja na tarehe. Aliyekwisha kutimuliwa kwa hila hii ana siku 30 za kuufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anayedai nyongeza aliyoahidiwa asilipwe ana siku 60.