SOMO LA HUDUMA: MPANGAJI, MITA YA PAMOJA NA NJIA YA KUPATA MITA YAKE

Katika baadhi ya nchi, Uingereza ikiwa mojawapo, mpangaji asiyeridhika na bei ya umeme anaweza kuhamia kwa muuzaji mwingine. Katika miji na vijiji vya Bukoba na Muleba vilivyounganishwa na umeme wa TANESCO, mlango huo haupo. Kwa miaka mingi umeme wa eneo hili umekuwa ukitoka Uganda kupitia Masaka na Kyaka, lakini kwa mwananchi muuzaji ni TANESCO, na bei huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Hivyo basi, mpangaji hawezi kubadili muuzaji. Anachoweza kubadili ni namna anavyopimiwa, kundi la bei analowekwa, na makubaliano yake na mwenye nyumba. Somo hili linaeleza mambo hayo matatu.

Makundi ya bei

Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yaani wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, huwa katika kundi la D1 na hulipa shilingi 100 kwa uniti. Uniti inayozidi 75 hutozwa shilingi 350. Mteja wa matumizi ya kawaida huwa katika kundi la T1 na hulipa shilingi 292 kwa kila uniti. Juu ya bei hizo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Kwa hiyo uniti moja ya D1 humfikia mteja kwa shilingi 122, na ya T1 kwa shilingi 356.24.

Hapa ndipo mita ya pamoja inapomuumiza mpangaji. Mita haitambui idadi ya kaya zilizo nyuma yake. Hujumlisha matumizi yote kana kwamba ni ya mtu mmoja. Wapangaji wanne wenye matumizi madogo, wakikusanywa kwenye mita moja, huonekana kama mteja mmoja mkubwa, na nyumba nzima huingia T1.

Kugawana kwa haki

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba vinne huko Kashai au Hamugembe, iliyotumia uniti 160 kwa mwezi katika kundi la T1. Gharama yake ni shilingi 56,998.40. Ikigawanywa sawasawa, kila chumba hulipa shilingi 14,249.60.

Sasa tuseme kila chumba kina mita ndogo ya kugawia, iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Usomaji wa mwezi unaonyesha uniti 62, 40, 30 na 20, jumla 152. Uniti 8 zilizobaki ni za taa za nje na ukumbi, nazo hugawanywa kwa wote, uniti 2 kila mmoja. Mpangaji wa uniti 20 atalipa shilingi 7,837.28, na yule wa uniti 62 atalipa shilingi 22,799.36. Mgawanyo wa sawasawa ulikuwa ukimtoza yule wa kwanza karibu mara mbili ya haki yake.

Tofauti kati ya mita kuu na jumla ya mita ndogo iandikwe kila mwezi. Ikikua ghafla bila sababu, fundi aitwe, kwa kuwa huenda kuna umeme unaovuja au waya uliounganishwa isivyo halali.

Pasipo mita ndogo, makadirio hufanywa kwa vifaa: wati huzidishwa kwa saa za matumizi, kisha hugawanywa kwa 1,000. Pasi ya wati 1,000 inayotumika nusu saa kila siku hula uniti 15 kwa siku 30. Taa ya wati 9 inayowaka saa tano kila siku hula uniti 1.35 tu. Ugomvi wa nani ameacha taa ikiwaka mara nyingi huficha swali la maana zaidi: nani ana pasi, jiko au hita.

Kuomba mita ya peke yake

Mpangaji wa uniti 40 katika mfano huu, akipata mita yake na kupangiwa D1, atalipa shilingi 4,880 kwa mwezi badala ya 14,249.60. Ataokoa shilingi 9,369.60. Kupangiwa kundi hilo ni uamuzi wa TANESCO baada ya kuangalia matumizi. Haifai kulihesabu kabla ya kuthibitishiwa.

Ada ya kuunganishiwa umeme wa njia moja, ndani ya umbali wa mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni shilingi 27,000 vijijini na shilingi 320,960 mjini. Kijijini, ada hiyo hurudi kwa akiba ya miezi mitatu. Mjini huchukua takriban miezi 35, muda unaoweza kuzidi mkataba wa upangaji. Kwa kuwa mita hubaki kwenye jengo mpangaji anapohama, ni haki mwenye nyumba achangie ada hiyo, au ikatwe katika kodi ya pango kwa maandishi. Gharama ya kutandaza nyaya za ndani nayo ihesabiwe mapema.

Maombi huanza kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Mfumo wa Nikonekt wa TANESCO hupokea maombi kwa namba ya kitambulisho cha Taifa.

Kodi ya jengo na madeni

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji anayekatwa atunze risiti na akubaliane na mwenye nyumba namna ya kurejeshewa. Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Nyumba yenye mita zaidi ya moja inapaswa kukatwa kwenye mita moja tu. Ikikatwa zaidi, taarifa ipelekwe kwa Mamlaka ya Mapato.

Deni la mita nalo hufuata mita, wala haliulizi nani alilisababisha. Kabla ya kulipa kodi ya pango, mpangaji anunue umeme kidogo kwa namba ya mita hiyo na asome risiti: uniti, kodi, tozo na makato ya deni vyote huonekana.

Mambo ya kuandika katika mkataba

1. Namba ya mita, kundi lake la bei na deni lililopo siku ya kuhamia.
2. Njia ya kugawana gharama na siku ya kusoma mita.
3. Nani hubeba kodi ya jengo na ada ya mita mpya.
4. Nani hutunza risiti, na kwamba wapangaji wote wanaweza kuziona.

Mgogoro kati ya mpangaji na mwenye nyumba uanzie kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Malalamiko ya bei, mita au kundi yapelekwe kwanza TANESCO, ofisini au kwa simu 180 isiyo na malipo. Yasipotatuliwa, yapelekwe EWURA, yakiambatana na risiti na barua zote.