SOMO: TUSAWAZISHE KWANZA, NDIPO TUTANDIKE



Familia ya Chonyonyo ikiuza kahawa yake, mara nyingi hutamani sakafu mpya ya vigae au mkeka wa plastiki. Lakini sakafu mpya hufuata umbo la ile ya chini. Kigae kilicholazwa juu ya shimo hupasuka mguu wa kitanda unapokikandamiza.

Hili ni suala la afya pia. Funza hukua katika vumbi la sakafu ya udongo na ndani ya nyufa. Nchini Mexico, mpango wa serikali ulioanzia jimbo la Coahuila mwaka 2000 ulizipatia kaya maskini sakafu za saruji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kuhara kwa watoto kulipungua kwa karibu nusu.

Tufuate hatua hizi:

1. Kupima. Laza ubao ulionyooka wa mita 2 kila upande, na pima maji juu yake. Weka alama ya chaki penye vinundu na mabonde.

2. Kugonga. Gonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama mtungi mtupu, saruji imeachana na udongo. Bomoa, shindilia, kisha mwaga zege upya.

3. Kusafisha. Punguza vinundu kwa tindo. Fagia vumbi lote, kwa maana saruji haishikani na vumbi.

4. Kujaza. Lowesha, paka uji wa saruji, na kabla haujakauka jaza mabonde kwa ndoo 1 ya saruji na ndoo 3 za mchanga uliochekechwa. Pima tena.

5. Kumwagilia. Tunza unyevu kwa siku 7. Maji yakiwa haba, funika kwa magunia yaliyoloweshwa.

Kama sakafu ni ya udongo, tusipake saruji juu yake moja kwa moja. Tuondoe udongo laini, tushindilie mawe na moramu, ndipo tumwage zege.

Katika bajeti, fedha ya kusawazisha ndiyo hukatwa kwanza kwa sababu kazi yake haionekani kwenye picha. Tunaziomba kamati ziiandike katika mstari wake, na wafadhili waiulizie kabla ya kuuliza rangi ya vigae.

Maswali ya kujadili:
- Nani katika kamati yetu ana pima maji na anajua kuitumia?
- Ni nyumba zipi za wazee na wajane zinazohitaji kuanza na zege?