Mtenge Samaki Mgonjwa

Ndugu mkulima, ng'ombe wako akiugua humwachi zizini pamoja na wenzake. Mbona samaki mgonjwa huachwa bwawani? Samaki wote wa bwawa hutumia maji yale yale, na magonjwa yao mengi husafiri kwa maji. Na kama mfereji wa skimu unapita shamba kwa shamba, hasara yako yaweza kumfikia jirani aliye chini yako.

Kwanza hakikisha kwamba ni ugonjwa. Ukiwaona samaki wengi wakihema juu ya maji alfajiri, huenda wamekosa hewa tu. Ingiza maji mapya upesi, na uache kutia samadi na chakula kwa muda. Lakini ukimwona ngege akijitenga, akijisugua ukingoni, ana madoa meupe kama chembe za chumvi, au ana ukungu kama pamba mwilini, huyo ni mgonjwa.

Kwa nini tusitie dawa bwawani? Tupige hesabu. Bwawa la meta 20 kwa 15, lenye kina cha meta 1, lina lita 300,000 za maji. Dawa rahisi ni chumvi, gramu 3 kwa kila lita. Bwawa hilo litataka kilo 900, yaani magunia 18 ya kilo 50. Pipa lenye lita 100 za maji lataka gramu 300 tu.

Basi fanya hivi:

1. Tafuta pipa safi. Usitumie kamwe pipa lililowekwa dawa ya kupe au ya kunyunyizia mimea, hata likioshwa. Dawa nyingi za namna hiyo, pamoja na pareto, huua samaki kwa kiasi kidogo sana.

2. Weka pipa kivulini, utie madebe 5 ya lita 20. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku moja kwanza. Kisha koroga chumvi mpaka iyeyuke.

3. Mtie mgonjwa katika ndoo ya maji ya bwawa, umwongezee maji ya pipa kidogo kidogo kwa robo saa, ndipo umhamishe. Samaki wa ukubwa wa kiganja wasizidi 5. Funika pipa kwa wavu, wasije wakaruka nje.

4. Asubuhi, adhuhuri na jioni, chota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Chakula kiwe kidogo, na mabaki yaondolewe.

5. Kila siku toa debe moja la maji ya chini ya pipa pamoja na uchafu. Rudisha debe moja la maji mapya lenye gramu 60 za chumvi.

Kwa nini maji ya chini? Kidudu cha madoa meupe hujificha ndani ya ngozi ya samaki, ambapo chumvi haikifikii. Kikikomaa huanguka chini na kugawanyika kuwa mamia ya vidudu vichanga, ambavyo hutafuta samaki mwingine. Wakati huo ndipo hushindwa na chumvi. Kwa hiyo madoa yakitoweka leo, usimrudishe samaki bwawani kesho. Maliza siku 14. Mahali pa baridi ongeza siku, kwa maana huko kidudu hukua polepole.

Maji ya pipa usiyamwage bwawani, mferejini wala shambani, bali mahali pakavu pasipopandwa kitu. Wavu na ndoo zilizotumika kwa mgonjwa zikaushwe juani kabla ya kugusa bwawa. Samaki aliyekufa mzike mbali na maji.

Lakini kinga ni bora. Nunua vifaranga mahali panapojulikana, kama kituo cha Serikali cha Sagana, kilichoanzishwa mwaka 1948. Ukipewa samaki wa mbegu na jirani, mweke katika pipa siku 21 kabla ya kumwachilia bwawani, hata akionekana mzima.

Samaki wengi wakifa kwa siku moja, usiwauze wala usingoje. Mwite Afisa wa Uvuvi wa kaunti yako, na umfungie maji yako yasishuke kwa jirani mpaka afike.